Rangi ya Boti kwenye Jiwe la Zamani

Kapita alitaka kitu kimoja tu: karatasi yenye muhuri inayosema lile jiwe lisivunjwe. Hakuomba dawa ya goti lake, hakuomba bati la nyumba yake. Karatasi tu. Ndiyo maana alikuja kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa na mashine.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kibanda cha mbao kando ya barabara kubwa ya Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kile tunachoita sekretaria. Kompyuta moja, printa moja inayokohoa, betri ya sola, benchi la wateja. Shule yangu iliishia mwaka wa nne wa sekondari, lakini vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na kazi niliipenda kupita kiasi. Mtu akileta ombi la kazi, kabla sijafika katikati ya ukurasa nilikuwa nimeshamwona amevaa tai, amekaa kwenye biro, ofisi yenye feni. Mtu akileta mwaliko wa arusi, mimi nilikuwa tayari nacheza. Sasa fikiria nilivyokuwa siku mzee huyu alipoingia na kusema anataka kuandika habari za maji yaliyofunika dunia.

Jina lake la nyumbani nililijua baadaye, na silitumii hapa kwa sababu hakuna aliyelitumia. Alikuwa kapita, msimamizi wa kundi la wanaume waliotengeneza barabara ya Baraka kwenda Fizi kwa majembe na mabeleshi, enzi zile kila kipande cha barabara kilikuwa na watu wake. Kazi ilikufa, watu wake wakatawanyika, na jina likabaki kwake kama koti.

Hakukaa kwenye benchi hata siku moja. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akisema barua kama mtu anayeamuru wanaume wachimbe.

"Andika: Bwana Mukubwa, salamu. Jiwe iko nalia."

"Kapita, jiwe hailie."

"We umeisha kufika kule?"

"Bado."

"Basi andika."

Niliandika. Siku iliyofuata nilipanda kwenda kuliona mwenyewe, na niliporudi sikubishana naye tena juu ya kulia kwa jiwe.

Liko kwenye mteremko juu ya barabara, ukiwa umetoka Baraka na mlima umeanza kukukaba pumzi. Ukubwa wake ni kama nyumba mbili zilizoshikana. Uso wake mmoja umeinama kama ukuta unaotaka kuanguka, kwa hiyo mvua haiufikii. Na kwenye uso huo kuna mistari myekundu iliyolala, mmoja juu ya mwingine, na katikati yake miduara. Chini ya jiwe, wamama walikaa na watoto wao mgongoni, wakivunja mawe kuwa kokoto za kuuza kwa wajenzi. Kokoto za mteremko ule zina sifa, hazili saruji nyingi. Kila juma nyundo zilikuwa zimesogea hatua chache. Hata mtu asiyejua kuhesabu aliona zinaelekea wapi.

Watu waliosoma, wakija, walisema watu wa kale walichora wanyama waliotaka kuwinda. Kapita aliwacheka mpaka akashika mbavu. "Nyama iko wapi hapa? Onyesha hata mukia! Hii ni mita. Bale batu balikuwa napima maji."

Fundisho lake lilikuwa hivi. Ziwa letu ni mfereji mkubwa. Maji yanaingia kutoka kila mlima, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, kule Kalemie, yanapoingia mto Lukuga. Hapo zamani, kabla ya mtu yeyote ambaye babu zetu walimtaja, ardhi ilitikisika, mlango ule ukaziba, na ziwa likapanda. Lilimeza kila kijiji cha pwani. Waliobaki wakakimbilia mlimani, na kila maji yaliposimama, msimamizi wao alipiga mstari. Miduara ni idadi ya nyumba zilizozama. Na mstari wa juu kabisa ndipo ziwa lilipokoma. "Mufereji ukiziba, maji inapanda. Hii haiombi diploma," alisema.

Nilichokipenda ni kwamba kwa Kapita kila kitu cha zamani kilifanywa na kundi la wafanyakazi wenye kapita wao. Vijana wa jirani walikuja na simu zao kumwonyesha filamu za majitu, za miji iliyo chini ya bahari, za watu waliotoka angani wakajenga mapiramidi kisha wakaondoka. Alitazama zote mpaka mwisho, mdomo wazi, kisha akatoa hukumu.

"Piramidi, sawa. Ile ni kazi ya beleshi na kamba, minaona hata mwenye alikuwa nasimamia. Lakini batu ba angani! Muntu anatoka kwenye nyota, anaacha Kinshasa, anaacha Lubumbashi, anakuja kupaka mistari Fizi, halafu anarudia kwao? Kufanya nini Fizi? Hata moto ya umeme ya kuchaji simu haiko!"

Vijana walianguka kwa kicheko. Mimi nilicheka pia, ingawa moyoni niliamini yote, yake na ya kwenye simu. Humo moyoni nafasi ilitosha.

Pasta wa kanisa letu la Kiprotestanti alimkuta siku moja hapo kibandani akaamua kumrudisha njiani.

"Kapita, gharika ilikuwa moja tu, ya Noa."

"Pasta, mi sikatae Noa. Noa alikuwa na maji yake. Sisi tulikuwa na yetu."

"Na kwenye hiyo yenu, Mungu aliokoa nani?"

"Benye balipanda mapema."

Pasta alitoka akitikisa kichwa, lakini nilimwona anatabasamu, na kesho yake alituma mtu aulize hilo jiwe liko upande gani hasa.

Kapita alikuwa na kamba ya nailoni ya buluu yenye fundo kila mita, aliyoizungusha begani kama mkanda wa mkoba wa shule. Alipima kila kitu kwa kimo cha juu ya maji. Wengine husalimia kwa kuuliza habari za watoto. Yeye alikuambia: "We uko mita ine juu ya ziwa. Ni kidogo, mutoto yangu." Wateja wapya walidhani anaagua. Ukimuuliza habari yake mwenyewe alijibu kwamba goti linauma lakini barabara inapitika.

Wala asidhaniwe mtakatifu. Siri yake kubwa aliniambia mwenyewe, bila mimi kuichokoza: alipokuwa kapita wa kweli, walikosa mawe ya kujaza shimo moja baya, naye akaamuru wanaume wake wapige ubavu wa kushoto wa jiwe lile lile. "Kulikuwa mistari?" nikauliza. Akasema hakutazama. Kisha akasema alitazama. Wakati ule yalikuwa mawe tu, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwama. "Na gari ilipita," aliongeza, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Nafikiri mapenzi yake yote kwa jiwe yalianzia kwenye shimo lile.

Na alilipenda kwa namna yetu. Kila mwaka, siku ya wafu inapokaribia, familia za Kikatoliki hupanda makaburini na majembe na chokaa. Wanang'oa nyasi, wanapaka msalaba upya, wanafuata kila herufi ya jina kwa brashi ili marehemu asisomeke kama mtu asiye na ndugu. Kapita alifanya hivyo kwa kaburi la mke wake. Alipomaliza hakurudi nyumbani. Alichukua kopo la rangi nyekundu aliyobakiziwa na jirani yake mwenye boti, akapanda hadi kwenye jiwe, na akafuata kila mstari kwa brashi ileile ya makaburi. Jirani yule, Mwislamu mwenye mdomo mwepesi, alimtania kila mwaka: "Kapita, boti yako ya mawe inaingia ziwani lini? Niandalie samaki!"

Nilimwona siku moja akifanya hivyo. Alipaka polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, na mstari ulipokuwa umekatika aliurefusha mpaka ukafika. Jua lilipiga rangi mbichi, ukuta wote ukawaka. Nilisimama pale nikawaza kwamba watu waliokufa bila kaburi wamepata mtu wa kuwapalilia. Nilitamani kulia kwa furaha. Sasa nikikumbuka natamani kulia tu.

Halafu maji yakapanda kweli.

Mwanzoni yalichukua mchanga, mahali tunapoanika ndagala, samaki wetu wadogo, na hakuna aliyeshtuka. Kisha vyoo. Kisha barabara ya kando ya ziwa, na watu wakaanza kufunga mitumbwi kwenye miti ya viwanja vyao. Mama mdogo wangu alikaa upande ule. Maji yaliingia kwake kwa adabu, chini ya mlango, kidogo, yakatoka. Alichimba mfereji, akaweka magunia ya mchanga. Mvua ya tatu ukuta wa jikoni ulilala chini kama mtu aliyechoka. Aliokoa kitanda, sufuria na watoto watano, akahamia kwenye hema la shiti, turubai la plastiki, mteremkoni, na kwa kuwa shamba lake nalo lilikuwa chini ya maji, alichukua nyundo akakaa na wamama wa kokoto.

Ghafla kila mtu alimtafuta Kapita. Wale waliomcheka walimsubiri mbele ya kibanda changu. Baba mmoja alikuja na godoro kichwani, hata hakulishusha.

"Kapita, we unajua mambo ya maji. Itasimama wapi?"

Kapita alimtazama, akatazama godoro. "Itarudia ziwani," alisema. "Itarudia tu."

Yule baba alishukuru, akaenda. Mimi niligeuka kwenye kiti.

"Kapita, si mistari inasema itafika mpaka kwenye jiwe?"

"Njo vile inasema."

"Sasa juu ya nini umemwambia itarudia?"

"Ulitaka nimuambie nini? Muntu iko na godoro kwenye kichwa, nimuambie Baraka yote itakwisha? Aende nayo wapi?"

Nilimwona siku ile kwa mara ya kwanza kama mtu aliyenaswa. Kama fundisho lake lilikuwa la kweli, sisi sote tulikuwa tumekwisha. Kama lilikuwa la uongo, yeye ndiye aliyekwisha. Kila asubuhi alishuka na kamba yake kupima, na sikujua anaomba maji yapande ao yashuke. Nadhani hata yeye hakujua.

Wakati huohuo kokoto zilihitajika kuliko kawaida, kwa sababu kila aliyefukuzwa na maji aliyeweza kujenga alijenga juu. Nyundo zilifika hatua kumi kutoka kwenye uso wenye mistari. Barua tatu za kwanza hazikujibiwa; tukaandika ya nne. Hii nilimwomba aniachie niipambe kidogo. Niliondoa kilio cha jiwe, nikaweka sentensi yangu, ambayo nilijivunia sana: "Michoro hii ya zamani sana inaonekana vizuri, nyekundu kana kwamba imepakwa jana." Barua ilipanda boti na msafiri, ikafika kwa mtu wa chuo fulani anayesoma mambo ya kale. Na yeye, ajabu, akaja.

Wamama walikubaliana na Kapita mbele ya chifu wa pale. Mgeni akisema jiwe lina maana, watahamia nyuma ya mlima, mbali na barabara, ambako mtu hubeba kokoto kichwani mwendo mrefu kabla ya kufikia gari. Akisema halina, wataendelea. Mama mdogo ndiye aliyewasemea. "Papa, batu ba zamani hatubachukie. Lakini bale balishakula, balishashiba, balishakufa. Hawa batano bangu bangali banakula."

"Sikatae," Kapita alisema. "Tungoje muntu wa masomo."

Mgeni alikuwa kijana mpole, miwani imejaa vumbi la pikipiki. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata watoto. Kapita alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Tukapanda wote. Mgeni alipouona ukuta alisimama, na kwa muda mfupi uso wake ulifunguka, nikasema moyoni: tumepata. Akakaribia. Akaweka ukucha kwenye mstari, akakwangua kidogo sana, akanusa.

"Papa," alisema taratibu, "hii si rangi ya boti?"

"Njo yenyewe!" Kapita aling'aa. "Ya mwaka huu. Chini yake iko ya mwaka jana."

"Na chini ya ya mwaka jana?"

"Ya mwaka wa mbele yake. Mi sikosake hata mwaka moja."

"Kwa nini, papa?"

Kapita alimshangaa. "Kaburi ya babu yako, unaiachaka jina inafutika?"

Mgeni alikaa chini juu ya kokoto. Alitueleza bila ukali kwamba rangi ya watu wa kale ndiyo inayosema: imechanganywa na nini, ina umri gani, brashi ilikuwa manyoya ao kidole. Sasa iko chini ya ngozi nyingi za rangi ya dukani. Hawezi kusema ni ya kale. Hawezi kusema kwamba chini yake kuna kitu.

"Kama nisingepaka ingekwisha," Kapita alisema.

"Ingebaki kidogo, papa. Hicho kidogo ndicho tunachotafuta."

Kisha mgeni akainua kidole. "Huu wa juu kabisa. Uliukuta?"

"Niliukuta."

"Wote?"

Kapita alitazama miguu yake. "Niliukuta kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Akaonyesha kwa kidole gumba na kidole cha kwanza. Nafasi kati ya vidole hivyo ilikuwa kama punje ya mahindi. Uliobaki wote alikuwa ameurefusha yeye, kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine, kwa sababu barabara haiachwi katikati.

Mimi nilikuwa nafikiria sentensi yangu. Nyekundu kana kwamba imepakwa jana. Nilitaka ardhi inimeze hapo hapo, pamoja na printa.

Mgeni aliandika vitu kwenye daftari, akapiga picha, akamshika Kapita mikono miwili. Kabla ya kuondoka aliwaambia wamama na chifu ukweli, kwamba hana analoweza kuthibitisha. Alisema kwa huruma, na huruma yake ilifanya iwe vibaya zaidi. Angetudharau, angalau tungepata mtu wa kumchukia.

Wamama hawakushangilia. Mama mdogo alimwendea Kapita akasema, "Pole, papa." Walikaa siku tatu bila kuligusa jiwe, kama kwenye matanga. Siku ya nne walianza na upande wa nyuma, usio na rangi.

Sikumwona kibandani tena. Kamba ya buluu nilisikia amempa mtu afungie mbuzi. Ziwa liliendelea kucheza nasi, likirudi nyuma hatua mbili, likija tatu.

Mara ya mwisho nilimkuta juu kule nilipompelekea mama mdogo fufu, ugali wetu wa muhogo, na mboga. Ukuta wenye mistari ulikuwa umeshavunjwa. Kapita alikaa katikati ya wamama, hakuwa na nyundo. Kila jiwe lililovunjika likiwa na uso mwekundu aliliokota, akaliweka kwenye rundo lake dogo, na wamama walimwacha. Mmoja wao alimrushia hata la kwake, "Papa, na hii iko na yako," naye akalipokea kwa mikono miwili.

"Kapita," nilisema, "barua ile, mimi ndiye niliyeandika..."

"We uliandika vizuri," alinikata. "Ilikuwa barua nzuri. Muntu alikuja."

Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimetembea njia nzima nikipanga maneno, na yote yalikuwa yamekwisha.

Kamio, lori la kubeba kokoto, likaja. Vijana wa kupakia wakashuka na mabeleshi, wakachota rundo kubwa, na walipofika kwenye lile dogo hawakujua, wakachota nalo. Mama mdogo alifungua mdomo kuwazuia. Kapita akamwashiria kwa mkono aache. Akasimama kwa shida ya goti, akaenda kwenye dirisha la dereva.

"Hii inaenda wapi?"

"Kule chini, papa. Kando ya ziwa, pale maji ilikula barabara. Tunajaza ndani ya maji ili gari bipite."

Nilimtazama mgongo, shati lile jeupe, sasa limekuwa rangi ya vumbi.

"Munajaza namna gani?" aliuliza. "Munatanguliza mawe makubwa, ao munamwaga tu?"

"Tunamwaga tu, papa."

"Hapana. Makubwa chini. La sivyo maji inabeba yote."

"Hatuna mutu wa kuonyesha."

Akazunguka nyuma, akawanyooshea mikono vijana, wakamvuta juu. Alikaa kileleni mwa mawe, uso kuelekea ziwa. Kutoka pale nilipokuwa niliona vipande vyekundu huku na huku chini yake, na sikuweza kusema kipi kilikuwa cha watu wa kale na kipi chake. Gari likaanza kushuka. Nikainua mkono kumpungia, kisha nikaona si mambo ya kupungia, nikaushusha.

"Anaenda kufanya nini kule?" mama mdogo aliniuliza.

Nikasema sijui. Tulisimama mpaka vumbi likaisha barabarani, halafu yeye akarudia nyundo yake.